Maswali ya Wapigapicha: Lenzi au Flashi kwa Picha za Watu Ndani ya Nyumba

Barua nyingi za safari hii zimetoka kwa wanaopiga watu ndani: sebuleni, ukumbini, kanisani na katika studio za chumba kimoja. Tumejibu saba. Anayetuandikia atutajie aina ya kamera, lenzi aliyo nayo, na urefu wa chumba kwa mita. Lenzi inayomfaa mwenye ukumbi inaweza kuwa haina kazi kwa mwenye sebule.

Shikamooni. Nina Canon EOS 2000D na lenzi iliyokuja nayo, 18-55. Napiga ubatizo, kipaimara na mikusanyiko ya familia, mara nyingi sebuleni jioni. Picha zinatoka zimefifia kwa mtikisiko, au zimejaa chengachenga. Fedha inatosha kitu kimoja: lenzi ya 50mm f/1.8 au flashi. Ninunue kipi? (Msomaji, Dodoma)

Marahaba. Kwa kazi hiyo uliyoitaja, anza na flashi yenye kichwa kinachogeuka. Tukueleze kwa nini, maana wengi watakwambia kinyume.

Lenzi yako ukiivuta hadi 55, tundu lake kubwa kabisa ni f/5.6 (namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa). Katika sebule yenye mwanga wa kawaida wa jioni, ukiweka ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 3200, kamera itadai shata ya kama 1/30 ya sekunde. Kwa kasi hiyo mtoto akigeuza kichwa tu, uso umefutika. Kama lenzi yako imeandikwa IS, yaani kizuia mtikisiko, hiyo inatuliza mkono wako wewe. Haimtulizi mtoto. Lenzi ya f/1.8 inapitisha mwanga karibu mara kumi ya f/5.6, kwa hiyo pale pale ungepata 1/320. Sifa za 50mm f/1.8 zinatoka hapo, na ni za kweli.

Tatizo ni nafasi. Kitambuzi cha 2000D, kile kinachopokea picha ndani ya kamera, ni kidogo kuliko filamu ya zamani ya 35mm, na lenzi ya 50mm juu yake inaona kama 80mm. Ili umpige mtu mzima kutoka kichwa hadi miguu, kamera ikiwa wima, unahitaji kusimama mita 4.5 kutoka kwake. Ukoo uliojipanga upana wa mita 5 unakutaka urudi nyuma mita 11. Sebule gani ina mita 11? Utaishia kupiga ukiwa koridoni, na nusu ya shangazi wamekatwa na fremu ya mlango.

Halafu kuna sehemu inayoonekana kali. Kwa f/1.8, mtu akiwa mita 2 mbele yako, ukali unaenea sentimita 11 hivi, nusu mbele na nusu nyuma ya pale ulipofokasi. Mama akiwa amempakata mtoto, mmoja atakuwa mkali na mwingine laini. Kwa umbali huo, safu mbili za watu haziwezekani kabisa kwa tundu hilo.

Flashi iliyoelekezwa kwenye dari nyeupe inakuruhusu kutumia ile ile 18-55, kwenye 24 au 28, kwa f/5.6, na safu zote mbili zikatoka kali. Kununua 50mm kwanza ni sawa kwa mtu anayepiga sura moja moja, au anayefanya kazi mahali ambapo flashi haitakiwi. Wewe una vikundi.

Lenzi itafuata. Kabla hujanunua, fanya jaribio lisilogharimu kitu. Vuta 18-55 hadi 50, izuie kwa kipande cha gundi ya karatasi, upige shughuli nzima hivyo hivyo. Shughuli nyingine izuie kwenye 35, nyingine kwenye 24. Utajua mwenyewe ni ipi iliyokubana. Wengi wa sebuleni huangukia 24, na Canon wana EF-S 24mm f/2.8 STM, nyembamba na nyepesi. Kwa f/2.8 inapitisha mwanga mara nne ya f/5.6. Dukani angalia herufi: kamera yako inachukua EF na EF-S. Lenzi za RF ni za kamera mpya zisizo na kioo cha kuakisi ndani (mirrorless) na haziingii kabisa.

Wenye Nikon D3500 au D5600 nao wana mtego wao: miili hiyo haina mota ya fokasi ndani. Lenzi ya AF 50mm f/1.8D itaingia, itapiga, lakini fokasi utazungusha kwa mkono. Tafuta iliyoandikwa AF-S, na kwa sebule 35mm f/1.8G ya DX (ya kitambuzi kidogo) ndiyo chaguo letu kabla ya 50.

Nimenunua flashi ya mtumba ya kuseti kwa mkono. Nikibonyeza kitufe chake cha majaribio inawaka vizuri. Nikiiweka juu ya 2000D yangu haiwaki hata mara moja. Muuzaji anasema kamera ndiyo mbovu. Nani mkweli? (Msomaji, Morogoro)

Hakuna kilichoharibika, ila hivyo viwili havielewani. Tazama pale juu ya kamera unapochomeka flashi. Kamera nyingi zina nukta moja kubwa ya chuma katikati na vidogo pembeni. Flashi rahisi za mkono, kama Yongnuo YN560 na Godox TT600, huwashwa na ile ya katikati peke yake. Canon waliiondoa nukta hiyo kwenye 2000D, 4000D na 250D. Amri ya kuwasha inapita kwenye vile vidogo tu, kwa lugha ya Canon wenyewe. Kama bado hujanunua, chukua flashi ya TTL (inayojipimia nguvu yenyewe) iliyotengenezwa kwa ajili ya Canon, mfano Godox TT685 yenye herufi C mwishoni, na uijaribu juu ya kamera yako pale pale kaunta kabla hujalipa.

Uliyokwisha kununua usiiuze kwanza. YN560 na TT600 zina jicho linaloona mwanga wa flashi nyingine. Ziweke kwenye S2, inua flashi ndogo ya kamera, na ile kubwa itawaka pamoja nayo. Chagua S2 badala ya S1, kwa sababu flashi ndogo hutangulia kutoa mmweko wa kupimia, na S1 ingewaka na huo wa kwanza, picha ikatoka giza. Zima pia upunguzaji wa macho mekundu kwenye menyu. Flashi kubwa sasa isimame mbali na kamera, juu ya kabati au stendi, ikitazama dari au ukuta. Mwanga wake utakuwa mzuri kuliko ungeiweka juu ya kamera. Tatizo la njia hii ni ukumbini: flashi ya mpigapicha mwingine yeyote itaiwasha yako.

Napiga harusi na sendoff. Nyuso zinang'aa kama zimepakwa mafuta, ukutani kuna kivuli cheusi nyuma ya kila mtu, na gauni la bibi harusi likiwa jeupe sura yake inakuwa giza. Flashi ni ya TTL. (Msomaji, Tanga)

Una makosa mawili tofauti, tuyatenge.

Kung'aa na kivuli vinatokana na udogo wa chanzo cha mwanga. Uso wa flashi ni kama sentimita 7 kwa 4. Ukiutazamisha moja kwa moja kwa mtu aliyecheza na kutoka jasho, kila tone linarudisha mmweko mdogo mkali. Ngozi nyeusi inaonyesha jambo hili zaidi, kwa sababu umbo lake kwenye picha hutokana sana na jinsi inavyorudisha mwanga. Kwa sababu hiyo hiyo, ukiipa mwanga mpana inapendeza mno: mng'ao unatandaa taratibu kwenye shavu na paji la uso. Chanzo chako kikubwa ni dari au ukuta.

Dari ikiwa nyeupe na iko mita 2.7 hadi 3, anza hivi: kamera kwenye M (kuseti kwa mkono), shata 1/100, f/4, ISO 800. Flashi nayo iweke M, nguvu 1/8, kichwa juu. Piga mtu mmoja kutoka mita 2.5, tazama picha, panda au shuka hatua moja. Kwa 1/8 flashi inakuwa tayari tena karibu papo hapo. Mwenye kuitumia kwa nguvu zote anasubiri sekunde mbili tatu, na busu la maharusi limeshapita.

Usielekeze kichwa cha flashi juu kabisa ukiwa karibu na mtu. Mwanga utamshukia utosini na macho yataingia kwenye mashimo meusi. Kigeuze nyuma ya bega lako, kulia au kushoto, kilenge pale ukuta na dari vinapokutana. Mwanga utarudi ukitokea ubavuni, kama wa dirishani. Ukifunga kadi nyeupe ya ukubwa wa kadi ya mwaliko nyuma ya kichwa hicho kwa raba bendi, mwanga kidogo utaruka mbele na kuweka nukta hai machoni. Vile vikofia vya plastiki nyeupe vinasaidia chumbani tu. Ukumbini vinamwaga mwanga kila upande na kukumalizia betri.

Ukumbi wenye dari ya mita 6 unadai mara nne ya mwanga au zaidi: panda ISO 1600 na nguvu 1/4, zoom ya flashi 50 au zaidi ili mwanga usitawanyike njiani. Mabati matupu, mbao za kahawia na vitambaa vya mapambo vya zambarau ni habari nyingine. Mwanga huchukua rangi ya kitu ulichougongesha, na ngozi ya zambarau huiondoi kwenye kompyuta bila kuharibu gauni. Hapo tafuta ukuta mweupe, au mpe msaidizi shiti jeupe la stairofomu la mita moja alishike ubavuni mwako uligongeshee hilo.

Sasa gauni. TTL hupima mwanga unaorudi na kudhani kila kitu kina weupe wa wastani. Gauni jeupe likijaza fremu, flashi inadhani mwanga umezidi, inajipunguza, na mwenye kulipa gharama ni uso. Ongeza fidia ya flashi +0.7 hadi +1. Bwana harusi na wasimamizi waliovaa suti nyeusi mbele ya pazia jeusi watakufanyia kinyume chake, nyuso zitaungua. Shusha −0.7. Ukiona unabadilisha kila dakika, acha TTL uweke nguvu kwa mkono. Umbali usipobadilika, picha hazibadiliki, avae nini avae.

Kama taa za ukumbi ni za njano, watu watatoka weupe wa buluu na nyuma yao njano ya chungwa. Gundisha mbele ya flashi kipande cha plastiki ya rangi ya chungwa (huuzwa kama CTO, nusu yake inatosha kumbi nyingi) na weka mizani ya weupe kama 3800K. Mwanga wako na wa ukumbi vitakaribiana.

Paroko amekataza flashi wakati wa misa. Nina 50mm f/1.8 na kamera ya kitambuzi kidogo. Niseti vipi? (Msomaji, Arusha)

Paroko ana haki yake, na una lenzi inayofaa. M, f/2, shata 1/160 kwa waliosimama, 1/250 wakati wa maandamano na wakati wa kuvishana pete, ISO ijiamulie yenyewe na mwisho iwe 6400. Chengachenga za picha iliyopata mwanga wa kutosha zinavumilika. Zinazoudhi ni zile za picha iliyopigwa giza kisha ikavutwa juu kwenye kompyuta. Piga RAW, yaani faili ghafi ambalo kamera haijalibana.

Fokasi ndiyo itakayokuponza. Tumia nukta moja ya katikati (kwenye 2000D ndiyo imara kuliko zote tisa), iweke kwenye jicho la karibu, piga picha tatu mfululizo. Ukifokasi kisha ukasogeza sana kamera kupanga fremu, zile sentimita chache za ukali zinahama kutoka jichoni kwenda sikioni. Afadhali uache nafasi pembeni na ukate baadaye.

Siku moja kabla, nenda saa ile ile ya ibada uangalie mwanga wa madirisha unaangukia wapi.

Picha zangu za ukumbini zina mistari ya kulala, mingine njano mingine myeusi. Bila taa za ukumbi haipo. Shata naweka 1/250. (Msomaji, Unguja)

Umeme wetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, na taa za mirija pamoja na LED nyingi za bei ndogo hupepesa mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni. Shata ya 1/250 inakamata kipande tu cha mpepeso, sehemu moja ya picha ikapata taa imewaka na nyingine imefifia. Shuka hadi 1/100, au 1/50 kwa waliotulia. Kama kamera yako ina shata ya kielektroniki isiyotoa sauti, izime, maana inaongeza ugonjwa huo. Taa za jukwaa na za MC huwa na mpepeso wa kasi nyingine: jaribu 1/125, 1/80, 1/60 hadi mistari ipotee.

Ukiona ukanda mmoja mweusi upande mmoja wa picha, tena unapotumia flashi, hilo ni jambo lingine. Umevuka kasi ya flashi, ambayo kwa kamera nyingi ndogo ni 1/200.

Nataka kufungua studio ndogo ya picha za pasipoti na za nusu mwili. Chumba ni mita 3 kwa 4, kamera 2000D. Mwingine ananishauri lenzi ya 85mm, mwingine taa ya duara. (Msomaji, Kigoma)

Chumba chako kimeshachagua: 50mm. Picha ya kichwa na mabega inakutaka usimame mita 1.6 kutoka kwa mteja. Mweke mteja mita 1.2 kutoka ukutani, ongeza nafasi ya mgongo wako, jumla ni kama mita 3.4. Inaingia. Kwa 85mm ungehitaji mita 2.7 badala ya 1.6, na ukuta wa nyuma ungekuzuia. Usidanganyike pia kusogea karibu na 18mm; pua inakua na masikio yanajificha.

Taa ya duara tunaiacha kwa wanaorekodi video. Inawaka muda wote, inamkunjisha mteja macho, na inaweka miduara kwenye miwani. Flashi mbili za mkono, stendi mbili, mwavuli mweupe wa kupitisha mwanga wa sentimita 100 na triga moja (kifaa cha kuwasha flashi iliyo mbali na kamera) vitakutosha. Kwa sababu ya ile nukta tuliyomweleza msomaji wa Morogoro, hakikisha triga inafanya kazi na 2000D.

Mwavuli mita 1 kutoka usoni, nyuzi 45 pembeni, juu kidogo ya kichwa. Upande wa pili shiti la stairofomu, sentimita 60 kutoka shavuni. Shata 1/125, f/5.6, ISO 200, nguvu 1/16 kwa kuanzia. Piga moja flashi ikiwa imezimwa: picha itoke nyeusi tii, ndipo ujue taa ya chumba haikuchanganyii rangi. Ukuta mweupe utatoka kijivu, usishangae. Mwavuli uko mita 1 kutoka kwa mteja lakini mita 2.2 kutoka ukutani, na mwanga hupungua kwa mraba wa umbali, kwa hiyo ukuta unapata karibu moja ya tano tu. Flashi ya pili ikae chini nyuma ya stuli, ikitazama ukuta, kwenye S1. Ipandishe hadi ukuta uwe mweupe. Ikizidi, weupe utaanza kula kingo za nywele na masikio.

Betri: usinunue zile za redio. Chukua za kuchaji za Ni-MH za AA, 2000 mAh hivi, seti tatu za nne nne. Zipe alama seti kwa seti na usichanganye nzee na mpya, kwani moja dhaifu inaziangusha zote nne.

Nimeonyeshwa lenzi ya mtumba, 50mm, bei nzuri mno. Nikague nini? (Msomaji, Mombasa)

Pwani, kuvu kwanza. Ondoa lenzi kwenye kamera, fungua tundu lote, washa tochi ya simu upande mmoja na utazame upande wa pili kwa mshazari. Nyuzi nyembamba kama utando wa buibui ndani ya kioo ni kuvu. Vumbi kidogo halina neno, kuvu iache hapo hapo, hata akushushie nusu. Itakula mipako ya kioo, na kuisafisha ni kazi ya fundi wa kuifungua yote. Kisha ifunge kwenye kamera yako, fokasi mara kumi kati ya kitu cha karibu na cha mbali ukisikiliza mota. Isikwame wala isisage. Mwisho piga gazeti lililobandikwa ukutani, kwa f/1.8 na kwa f/5.6. Kwa f/5.6 herufi za kona zote nne zilingane ukali. Kona moja ikiwa laini kuliko nyingine, huenda lenzi imewahi kuanguka.

Ukiinunua, usiifungie kwenye mkoba wa ngozi kabatini. Iweke kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko unaobana, pamoja na pakiti za silika, na pakiti hizo zikaushwe kila zinapobadilika rangi.